Si Hina Iliyovipasua Vyungu

Mwanamisi mwanangu,

Umekwenda Tiwi kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla ya chakula cha usiku. Basi nimepata alasiri nzima ya kukaa nawe bila ya wewe kuwapo, na labda ni afadhali hivyo, kwa sababu ukiwapo siku hizi hatusemezani zaidi ya "niletee chumvi" na "nani kafunga mlango wa nyuma". Nimetandika mkeka barazani, nimeegemea ukuta, na penseli ninayoandikia ni ya Bakari, ile nene ya kutilia alama mawe. Ukiona mwandiko wangu umenenepa, si mimi, ni penseli.

Sitakuandikia habari za sweta. Wala za soksi, wala za kuichunga simu stendi, wala za nani umwamini na nani usimwamini huko Naivasha. Hayo shangazi yako amekwisha kukujaza masikio, na kesho asubuhi atapiga simu akumwagie yaliyobaki. Mimi nataka tuzungumze jambo moja tu, nalo ni vile vyungu vya harusi yangu vilivyopasuka. Unaondoka kesho, na moyoni umeshika kwamba vilipasuka kwa sababu niliolewa. Hukulitamka hivyo mbele yangu, lakini nimekulea, naujua unyamavu wako. Ukiondoka nalo utalibeba kila utakaposhika udongo, na kila utakapofikiria kurudi nyumbani. Hilo silitaki. Mengine yote yachukue utakavyo.

Nimechoka, mwanangu, nikwambie kweli. Si uchovu wa leo, ingawa leo pia nimekanda udongo tangu asubuhi. Ni uchovu wa tangu marehemu baba yako alipotuacha, wewe ukiwa darasa la kwanza, nikawa nabeba udongo wa Ramisi kichwani na wewe mkononi. Miaka yote hiyo nililala nimechoka na kuamka nimechoka, nikadhani ndivyo mwili wa mtu mzima ulivyo. Sasa nimeolewa tena, nina furaha ambayo hata naionea haya, na uchovu bado uko palepale. Nilidhani furaha itaufukuza. Kumbe vinaweza kukaa chumba kimoja visigombane.

Unakumbuka tulivyoanza mambo ya nakshi? Bibi yako alinifundisha kufinyanga chungu laini kisicho na kitu, ila mstari mmoja wa ukucha shingoni. Kwake yeye chungu chenye makovu kilikuwa chungu kilichoharibika, kinarudishwa kwenye maji kikandwe upya. Nami nikafanya vivyo hivyo, mpaka siku ile ulipochukua kifuniko cha soda ukakigandamiza kwenye mtungi mbichi niliouacha kivulini, ukauzunguka tumbo lote hadi chini. Nilitoka na ufagio.

"Nimeuvisha nguo," ukasema, bila hata kukimbia.

Nikaitazama ile nguo. Miduara ilikuwa imepinda, mingine imepandana, mingine umegandamiza mpaka kidole kimetokea ndani. Nilichovya mkono kwenye maji nianze kulainisha, na mkono ukakaa tu juu ya mtungi. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka mno hata kufuta. Nikauacha, tukauchoma ulivyo, na sokoni Msambweni ule ndio uliokuwa wa kwanza kupata mnunuzi.

Toka hapo nyumba yetu haikuwa na kitu salama. Kigunzi cha mahindi tulikibingirisha juu ya udongo, kikaacha vijishimo kama ngozi ya mamba. Kamba ya usumba wa nazi tukaizungusha kwenye kijiti, nacho tukakibingirisha. Kitana changu ulikipunguza meno ya kati ili kiburuze mistari miwili miwili, nami nikaenda na nywele timutimu mpaka Ijumaa. Pazia la lesi la chumbani ukalikata pembe bila kuniuliza, na lesi yenyewe ikanasa kwenye udongo, tukaivuta, ikaja na kipande cha chungu. Vyungu vingapi tuliviharibu kabla ya kujua kwamba kwanza unanyunyiza jivu? Na kwamba ukigandamiza udongo ungali majimaji alama inajifumba, na ukichelewa chungu kinachanika mdomo, na kwamba wakati wake ni pale udongo unapokuwa na ugumu wa halua iliyolala? Hakuna aliyetuambia hayo. Tuliyapata kwa kuharibu.

Na ule mchele je? Ulikuwa umefikiria mwenyewe kwamba punje zikigandamizwa kwenye udongo, moto utazila na kuacha vijicho vidogo. Tukavipanga vyungu juani, tukaingia kusali adhuhuri. Tuliporudi tukawakuta kuku wa jirani yetu Mejumaa wamesimama mabegani mwa vyungu, wanadonoa kwa raha zao.

"Mejumaa, kuku wako wanakula vyungu vyangu."

"Kuku wangu hawali udongo, dada. Labda hao ni wa kufinyanga, wako."

Nilikuwa karibu kulia. Wewe ulichuchumaa, ukainamisha kichwa huku na huku, ukaniambia, "Mama, usivilainishe. Wamedonoa vizuri kuliko sisi." Tukavichoma na alama za midomo ya kuku. Yule mteja wetu, mama mwenye nyumba za wageni kule Diani, aliponiuliza ni kifaa gani kilichotoa alama zile, nilimwambia ni kifaa cha nyumbani, na kinataga mayai. Ulicheka mpaka ukakaa chini mchangani. Mara nyingi siku hizi nikikutazama unavyopita uani, nalikumbuka lile cheko, naona kama lilikuwa la mtu mwingine.

Kisha yakaja makombe ya baharini. Ulikuwa kidato cha pili. Ukitoka shule unapita ufukweni, unarudi na makombe yaliyovunjika kwenye pindo la sare, unayatwanga kwenye kinu changu. Wiki nzima kisamvu chetu kililia mchanga menoni. Ukayapanga mabegani mwa chungu, mkanda mmoja mpana, ukayagandamiza kwa kitako cha kijiko, na moto wa makuti na makumbi ya nazi ulipokufa mkanda ule ulikuwa mweupe juu ya udongo mwekundu, kama mtu anayetabasamu. Ikawa ndiyo alama yako. Mimi niliyekufundisha kukanda nikawa nakuiga wewe, na sikuona aibu.

Sasa nivumilie nikuandikie habari za Bakari. Najua ni nzito kwa mtoto kusoma habari za mume wa mama yake. Lakini sikuvumilia kuificha furaha kama mali ya wizi, na wewe si mtoto tena.

Alikuja kujenga ukuta wa madrasa hapo jirani, mtu wa kijiji cha Jego aliyefiwa na mkewe, mwenye maneno machache. Akabisha hodi akaomba maji. Alipokwisha kunywa hakuyasifu maji, alipitisha kidole kwenye mkanda wa makombe, taratibu, akazunguka mtungi wote. "Aliyefanya hivi hakuwa na haraka," akasema. Nikamwambia ni mwanangu. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sijui niielezeje, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha heshima. Kwa hiyo ujue kwamba mkono wako ndio alioupenda kwanza, mimi nikafuata.

Siku ya pili akaja tena, na chupa yake imejaa maji kwapani. Mejumaa alikuwa kwenye ua anaanika.

"Fundi, kwani huko ukutani hakuna kiu? Kiu unaipatia huku tu?"

"Maji ya chupa hayana nakshi, bibi," akamjibu.

Niliingia ndani nikacheka, uso nimeufukia kwenye mto wa kitanda. Mimi, mwanangu. Mwanamke niliyepita arobaini, mwenye magoti yanayolia. Na sasa moyo unanidunda nikisikia kengele ya baiskeli yake kwenye njia. Ananiletea kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani, anakiweka juu ya mto bila kusema neno, kama kilijiotea. Vidole vyangu vinapokakamaa kwa udongo ananipashia maji ya chumvi na kuvishika humo mpaka vilegee. Ananiita bi arusi mbele ya muuza makaa. Nikimwambia aache, watu wanasikia, anasema ndiyo maana anasema kwa sauti. Miaka mingi hakuna aliyeniuliza nimechoka kiasi gani. Yeye anauliza, kisha anasubiri jibu.

Ni yeye aliyesema mgongo wangu umepinda kwa kuinamia moto wa makuti na macho yameiva kwa moshi. Akakusanya matofali yaliyobaki huko anakojenga, na kila jioni akitoka kazini akajenga, safu kwa safu, nyuma ya jiko letu. Ndiyo zawadi aliyonipa ya harusi. Wengine wanapewa dhahabu. Mimi nilipewa tanuri, nikalizunguka kama mtu anayeonyeshwa nyumba. Alipolimaliza alilifagia ndani, akaweka mlango wake wa bati, akasogea mbali. Mwiko wetu anaujua, na kwao Jego ni hivyohivyo. Wanawake wanapotia nakshi na wanapochoma, mwanamume hakaribii. "Mimi nimejenga," akasema, "moto ni wenu." Siku ya kuchoma alitoka na mapema, hakurudi mpaka moshi ulipokatika.

Likumbuke hilo, kwamba alikaa mbali. Nitalirudia.

Wewe ulifinyanga vyombo vya harusi. Mtungi mkubwa wa sebuleni, bakuli la maji ya waridi, na vyetezo vya kufukizia udi, kimoja kwa kila mgeni wa kike, vyote na mkanda wa makombe. Vidole vyako vilikatikakatika. Sikukuomba, ulifanya mwenyewe, na najua ilikugharimu nini kunipa zawadi ile katika harusi ile. Usiku wa hina nilipakwa mpaka kwenye viwiko, na asubuhi yake sikuweza kukaa ndani kama bi arusi anavyotakiwa. Nikatoka kukusaidia kuvipanga tanurini. Mejumaa akaniona.

"Bi arusi mwenye hina mbichi hagusi udongo. Ngoja ifutike."

"Nimengoja miaka, Mejumaa. Hina nayo itanisamehe."

Ulicheka kidogo siku ile. Nakumbuka, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho.

Vyombo vikatoka vizima, vigumu kuliko vyote tulivyowahi kuchoma. Ukivigonga kwa ukucha vinalia kama vikombe vya kaure. Watu wakasifu, wageni wakachukua vyetezo vyao wakaenda zao. Halafu siku moja tukiwa tunakula tukasikia kitu kimelia sebuleni, tik, kama mjusi. Gamba dogo lilikuwa limeruka kutoka bega la mtungi, limeacha kishimo, na katikati ya kishimo doa jeupe. Kesho yake magamba mawili matatu. Kisha vyetezo vikaanza kurudi, vimefungwa kwenye leso kwa adabu. "Samahani, sijui watoto wamekigusa." Na mwingine, na mwingine. Na siku wakwe zangu walipokuja kutoka Jego kututembelea, mtungi ukafunguka mbele yao, na maji yote yakaenda chini ya viti. Ulichukua tambara ukapiga magoti ukafuta mbele ya wageni.

Mejumaa si mtu mbaya. Ameshanitunzia mtoto, ameshanigawia unga. Lakini alisimama pale mlangoni akasema walichokuwa wakisema wote: "Ni ile hina, dada. Na mkono wa mwanamume kwenye jiko la vyungu. Moto una wivu." Ulikuwa umeshika tambara. Niliona neno lile linavyokuingia. Ningesema kitu palepale, ila nilikuwa na wakwe, nilikuwa na aibu, na kusema kweli nami liliniingia kidogo. Nilifikiri, labda kweli. Labda mtu akishatimiza umri fulani akataka kufurahi, kitu fulani lazima kivunjike.

Toka siku hiyo shikamoo ya Bakari ikakatika. Unampitia na "habari" kama mtu anayeuza mabeseni, na yeye anaitikia "nzuri, mwanangu" na kuendelea na kazi yake. Mfuko wako wa makombe, vigunzi na kamba ukautupa kwenye shimo la taka. Watu wa karakana ya ufinyanzi ya Naivasha walipokupigia simu kukwambia nafasi umepata, uliwakubalia kabla hawajamaliza kusema.

"Nakwenda kujifunza kazi ya mashine, mama. Na rangi za kung'aa. Huko hakuna miiko."

"Na nakshi zako?"

"Zimekwisha. Waulize wageni wako wa Jego."

Sikukujibu. Unaona ninavyokosea, mwanangu. Siku zote huwa nadhani nikinyamaza jambo litapoa. Halipoi, linakauka tu, na kitu kikishakauka hukigeuzi tena.

Sasa nikwambie usilolijua. Siku ile mtungi ulipofunguka, Bakari alichukua kigae akatoka nacho nje. Akakwangua lile doa jeupe kwa ukucha, akaliweka kwenye ncha ya ulimi, akatema. "Inauma," akaniambia. "Hii ni chokaa." Tangu mdogo huko kwao amechoma chokaa ya kujengea. Wanarundika mawe ya matumbawe na magogo, wanayachoma mpaka yanakuwa mepesi, kisha wanayamwagia maji, na mawe yanavimba, yanatoa moshi, yanavunjika unga. Makombe ni mamoja na mawe yale. Moto wetu wa makuti hauna nguvu ya kuyageuza, ndiyo maana miaka yote hayakutudhuru. Tanuri lake lina nguvu hiyo. Makombe yalitoka humo yakiwa chokaa, yakakaa kwenye bega la mtungi kimya, yakinywa unyevu wa hewa ya huku kwetu kidogo kidogo, na yalipovimba yakaubomoa udongo kutoka ndani.

"Laiti ningekuwapo mkipanga, ningeyaona," akasema. "Ningewaambia tu, toeni makombe." Akakigeuza kile kigae. "Lakini nilikaa mbali, kwa heshima."

Unasikia? Watu wanasema ni mkono wa mwanamume. Kumbe ni kwa kuwa mkono ule haukuwapo.

Sikumwamini mara moja. Nilidhani analitetea tanuri lake. Na mtu ukipenda katika umri wangu huwezi kuyaamini masikio yako mwenyewe, unajiuliza kama unasikia kweli au unasikia unachotaka. Basi ulipokwenda kwa rafiki yako Ukunda kufuatilia vyeti vyako, nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya sisi, nikajaribu. Nilifinyanga vigae vidogo vya upana wa kiganja. Vingine nikavitia makombe, vingine nikabingirisha kigunzi, vingine nikaviacha vitupu. Nusu vya tanuri, nusu vya moto wa makuti. Na kabla ya kuugusa udongo nilikwenda kupakwa hina upya, mikono yote miwili, na hina ikiwa mbichi nikakanda kila kimoja. Aliyenipaka aliniuliza kuna harusi gani. Nikamwambia ileile.

Vilipokauka nikamwambia Bakari awashe.

"Watu watasema."

"Wameshasema. Washa."

Yule mtu anapanda ngazi za majengo ya ghorofa tatu na ndoo ya saruji begani, lakini mbele ya mlango wa bati aliniuliza tena kama nina hakika. Akawasha tanuri, kisha akawasha na makuti. Kisha hakwenda mahali. Alikaa nami kwenye gogo tangu asubuhi mpaka jioni, akachochea, akanipepea moshi usije machoni, akanisimulia alivyoungua nyusi utotoni kwenye chokaa. Mwanamisi, sijawahi kukaa kwenye moto wa vyungu na mtu wa kuzungumza naye ila wewe na bibi yako. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa na sikutaka siku ile iishe.

Vyote vilitoka vizima. Nikavitia kwenye beseni chini ya kitanda nikangoja. Baada ya siku chache nikaanza kusikia, tik, tik. Vyenye makombe vilivyotoka tanurini vyote vimeoza kwa mashimo, kila kimoja. Vya kigunzi vya tanuri ni vizima, ukivigonga vinalia. Vitupu ni vizima. Vyenye makombe vilivyotoka kwenye makuti ni vizima, vyeupe, vinatabasamu. Vyote vilikandwa na hina ileile, vyote viliwashiwa moto na mwanamume yuleyule. Beseni bado liko chini ya kitanda changu. Livute mwenyewe, usinisadiki mimi. Nilitaka kukuonyesha mara kadhaa na kila mara ulikuwa na nguo ya kukunja, na mimi nikaogopa nitaonekana kama mama anayejitetea.

Humo utakuta na kigae kimoja cha namna nyingine. Nilichukua kombe lisilotwangwa nikaligandamiza, kisha nikalichomoa kabla ya kuchoma. Mifereji yake yote imebaki, hata pale lilipokuwa limemeguka. Hicho kilipita kwenye tanuri na hakijatoa tik hata moja. Sijui utakionaje wewe. Mimi nadhani ukizidisha jivu kidogo kitatoka vizuri zaidi, lakini nakuachia, alama ni yako.

Huko Naivasha wana matanuri makali kuliko hili, na udongo usioujua. Utaharibu. Usione haya kuharibu, ndivyo tulivyojua yote tunayoyajua. Kitu kikikupasukia mkononi, tazama kwanza umetia nini ndani yake kabla ya kuuliza nani alikigusa. Mimi nilifanya kinyume, na nilijilaumu mwenyewe wiki nzima kwa sababu ya unga wa makombe.

Na jambo la mwisho ndilo gumu, nimelizunguka tangu mwanzo wa karatasi. Sasa nimechoka kuzunguka. Kama una hasira kwamba nimeolewa, kasirika na hilo lenyewe. Sikukuuliza, nilikwambia tu siku mbili kabla ya posa kupokewa, kisha nikaendelea kuchambua mchele. Una haki ya kuumia kwa hilo. Una haki ya kumkumbuka baba yako kila unapoiona baiskeli ya mtu mwingine imeegemezwa pale alipokuwa akiegemeza yake. Hasira hiyo niletee, hata kwa simu, hata kwa sauti ya juu. Nitaisikiliza, kwa sababu ni ya kweli na inanihusu. Lakini usiniachie huruma. Usiende huko ukanihurumia kama mwanamke ambaye furaha yake ina mkosi, inapasua vyombo vya watu. Hiyo siwezi kuishi nayo ndani ya nyumba hii. Nikasirikie, mwanangu, na uniache nifurahi. Naona vyote viwili vinawezekana, kama mimi ninavyoweza kuchoka na kufurahi siku moja.

Jua limeshuka na siioni tena mistari vizuri. Nasikia mlango wa ua. Ni wewe, na Bakari amekuwahi kufungua. Anakuuliza shangazi hajambo, unasema hajambo. Anakuuliza kama umekula, unasema bado. Sasa anakuuliza kama zipu ya begi lako jipya ni imara, au akutilie kamba juu yake kwa ajili ya safari. Nasikia unashusha kitu chini. Unamwambia zipu ni nzima, ila mkanda wa bega umelegea, na unamuuliza kama ana sindano ile kubwa ya magunia.

Ni maneno mengi kuliko yote uliyompa tangu harusi. Naachia hapa, niwasikilize.

Mama yako